Kila Dawa na Kazi Yake

Jumatatu, 2 Septemba 2019

Upepo tangu alfajiri. Nimefunika cherehani na bado vumbi limeingia kwenye mafuta. Marinda ya shule ya kushusha pindo, suruali ya askari mmoja ya kubadilisha zipu. Kazi ipo, muhula umeanza. Kichwa ndicho hakitaki. Kinauma nyuma ya macho, hivyo hivyo tangu tumzike Akai. Watu wanasema ni machozi yaliyobaki ndani. Labda. Tundu la sindano siku hizi nalitafuta mpaka nachoka. Akai ndiye aliyekuwa akinitungia uzi. Aliuma ncha kwa meno, akatema pembeni, akanipa sindano bila neno.

Nimevuka barabara kwa Mama Halima kununua tembe za kichwa. Huuza mbilimbili. Anakata karatasi yake kwa makasi yale yale ya kukatia pakiti za maziwa. Ameniambia, "Fundi, siku hizi wewe unanunua tembe kuliko sukari."

Jioni nimemkuta Nakiru amekaa mlangoni kwangu na mkoba. Nakiru ni mdogo wake Akai, marehemu mke wangu. Siku ya mazishi alisimama mbele ya watu wote akasema hatanisamehe. Wao walitaka Akai azikwe kwao Ngaremara, karibu na nyumbani kwa mama yao. Mimi nilimzika hapa mjini kwa sababu Akai mwenyewe aliniomba hivyo. Aliniomba tukiwa wawili tu chumbani. Hakuna aliyesikia, kwa hiyo hakuna aliyeamini.

Sasa amekuja kunipikia, anasema. Sikumwita.

Jumanne, 3 Septemba

Nakiru amechemsha supu ya mifupa ya mbuzi na mizizi aliyokuja nayo kwenye kitambaa. Nyeusi. Chungu. Nimeuliza ni mizizi gani. Amesema, "Kunywa, shemeji. Umekonda kama sindano yako."

Nimemsimulia Kinoti. Kinoti ni fundi wa viatu, tunagawana baraza. Alikuwa na misumari mdomoni, akaitoa yote ndipo anijibu. "Mtu alikulaani kaburini, leo anakupikia. Wewe unaona ni sawa?"

Nimesema ni sawa. Lakini neno limebaki.

Tembe mbili asubuhi, mbili mchana, mbili nikifunga kazi. Kichwa hupoa kidogo kisha hurudi.

Alhamisi, 5 Septemba

Watu wa kanisa wamekuja kunijulia hali. Sukari, majani ya chai, maziwa. Mzee mmoja wa kanisa amenisikia nikipiga chafya kwa hili vumbi, akatoa mfukoni kapsuli za mafua, nusu nyekundu nusu njano. Akanifumbatisha kiganjani. Kitu cha rambirambi hakikataliwi. Aliyeleta chumvi utapokea chumvi. Nimeshukuru, nimemeza mbele yake ili aone.

Nakiru alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Aliangalia mkono wangu ukienda mdomoni. Hakutabasamu.

Kwa hiyo sasa ni tembe nyeupe za kichwa na kapsuli za mafua. Nazipanga kama ninavyopanga uzi. Mweusi kwa suti, mweupe kwa shati, kijani kwa sweta za wale wa shule ya juu. Kila dawa na kazi yake.

Ijumaa, 6 Septemba

Nimetoka bafuni mapema kuliko alivyodhani. Nakiru alikuwa na koti langu mikononi. Koti la kazi, lililokuwa limetundikwa kwenye msumari. Mkono wake ulikuwa ndani ya mfuko.

Akasema anataka kulifua.

Koti hilo Akai alilifua wiki moja kabla ya kuugua moyo. Alikuwa akigeuza mifuko nje kwanza, akikung'uta vipande vya uzi mlangoni, kuku wa jirani wakivikimbilia wakidhani ni chakula. Nakiru hakugeuza mfuko. Alikuwa anapapasa.

Nimelichukua koti. Nimesema si chafu. Ametabasamu kwa mdomo tu.

Jumapili, 8 Septemba

Sikwenda kanisani. Nimetapika baada ya supu. Asubuhi ya jana pia nilisikia kichefuchefu, lakini leo ni kutapika kabisa. Nakiru ameshika kichwa changu, akanimwagia maji usoni. Mikono yake ni kama ya Akai, mifupi, yenye nguvu. Nimeona vibaya kuiogopa. Nimeiogopa hata hivyo.

Mgongo nao umeanza, nadhani ni kule kuinama kutapika. Duka la dawa la karibu na stendi lilikuwa wazi. Nimeomba kitu cha mgongo, nikapewa tembe kubwa za rangi ya samawati. Kijana wa pale aliniuliza kama kuna dawa nyingine ninazomeza. Nikamwambia za kichwa tu. Simu yake ikalia.

Daudi, mtoto wangu, ametuma mzigo kutoka Nairobi. Soksi, kitabu cha nyimbo cha maandishi makubwa, na vijipakiti vya unga wa limau wa kukoroga kwenye maji moto. Kwenye simu amesema, "Baba, hiyo unakunywa kabla ya kulala, inaondoa uchovu wote." Mtoto mzuri. Nimekunywa. Ni tamu. Ndicho kitu pekee kilichokaa tumboni leo.

Jumatatu, 9 Septemba

Nimefanya kitu cha aibu. Naandika kwa sababu hakuna atakayesoma.

Supu ya leo sikuinywa. Nimebeba bakuli nyuma ya nyumba nikamwekea paka wa Mama Halima, yule wa madoa. Nikakaa kwenye jiwe kumtazama. Kama Akai angeniona angenipiga na mwiko. Paka alikula nyama, akalamba supu, akalamba bakuli, akajilaza juani. Baadaye aliamka akaja kunisugua miguuni akitaka nyingine.

Nimefikiria jioni nzima. Labda kitu kinachomdhuru mtu hakimdhuru paka. Labda kinatiwa kwenye chai.

Nimemwambia Kinoti kuhusu paka. Alicheka mpaka akapiga kidole nyundo. Kisha akaacha kucheka. "Chunga chai, Fundi."

Jumatano, 11 Septemba

Tembe zangu zinapotea.

Zile za kichwa huwa naziweka kwenye droo ya cherehani, pamoja na bobini. Leo droo ina bobini tu. Kapsuli za mafua nilizokuwa nimezificha ndani ya Biblia, hazipo. Za mgongo zilikuwa kwenye kiatu cha Jumapili. Zimebaki chache. Nani anaingiza mkono kwenye kiatu cha mtu?

Anataka niumwe bila dawa. Sasa naona. Anatia kitu kwenye chai, kisha anaondoa kile kinachonisaidia.

Nimekwenda kwa Mama Halima kununua nyingine. Safari hii nimenunua za kutosha na nimezigawa. Chache kwenye soksi mpya za Daudi. Chache kwenye mfuko wa ndani wa koti, nimeushona mdomo kwa mishono mikubwa ya haraka. Chache chini ya kitambaa cha cherehani. Sasa nikisikia maumivu nachukua pale palipo karibu. Kama nilimeza asubuhi sikumbuki vizuri. Kichwa kinauma, kwa hiyo pengine sikumeza.

Mama Halima ameniangalia sana. "Fundi, wallahi rangi yako si nzuri. Nenda hospitali ya kaunti wakuone."

Nimesema ni vumbi.

Alhamisi, 12 Septemba

Sili. Chai sinywi, namwaga kwenye mwarobaini akigeuka. Maji nachota mwenyewe.

Unga wa limau tu. Na tembe.

Kuna mahali chini ya mbavu, upande wa kulia, panauma kama kuna mtu amebonyeza kidole gumba na hataki kukitoa.

Nakiru anakaa baraza siku nzima sasa. Ameleta kiti chake. Hana kazi pale, hashoni, anatazama tu. Nikiinuka anainuka. Nikienda chooni anasubiri nje na kukohoa, na nikikawia anabisha. Wateja wanaona. Kinoti amemuuliza, "Mama, umeajiriwa kuwa askari wa Fundi?" Nakiru akamjibu, "Wewe piga msumari wako, usije ukapiga kidole kingine." Kinoti akarudisha misumari mdomoni.

Ningecheka kama si mimi ninayelindwa. Anasubiri nini? Mtu humtazama mbuzi hivi kabla ya sikukuu.

Ijumaa, 13 Septemba

Mkojo rangi ya chai ya rangi. Ya jana iliyolala.

Nimeshona mkono wa sweta ndani nje. Nimeufumua. Nimeushona tena ndani nje.

Rinda la Akai bado liko kwenye rafu, lile la maua ya zambarau. Limebaki pindo. Alisema nisiharakishe, kwanza watoto wa shule wamalizike. Watoto wa shule hawaishi.

Jumamosi, 14 Septemba, asubuhi

Leo namwambia aende kwao. Nimepanga maneno. Nitasema kwa upole. Nitasema asante kwa kuja, nimepona, mama yako anakuhitaji. Akikataa nitamwita Kinoti awe shahidi. Sitataja sumu. Akai hangependa nimwaibishe mdogo wake.

Nikimaliza kuandika nitameza mbili za mgongo ili niweze kusimama.

Jumanne, 17 Septemba

Hospitali. Muuguzi amenipa kalamu. Shajara aliniletea Nakiru, nilipomwomba kitabu cha kijani kilicho chini ya godoro. Hakukifungua. Najua kwa sababu uzi ninaofungia ulikuwa na fundo langu.

Nitaandika yaliyotokea kwa mpangilio, kichwa kingali sawa.

Jumamosi sikumwambia lolote. Nilitoka nje kwenye mwanga, Nakiru akanitazama machoni, akaweka chini sufuria. Akanishika kidevu kama anavyoshikwa mtoto, akanigeuzia uso juani. Akasema kitu kwa Kiturkana ambacho Akai alikuwa akisema maziwa yakimwagika. Kisha akakimbia barabarani kuita boda.

Nilikataa kupanda. Nilimwambia dereva kwamba mwanamke huyu ananipeleka nisikokujua. Dereva akamtazama yeye, akanitazama mimi, akasema, "Mzee, macho yako ni ya njano kama ya kuku wa kisasa. Panda." Tukaenda. Dereva mbele, mimi katikati, Nakiru nyuma amenikumbatia nisidondoke. Nilibanwa na mtu niliyemwogopa, na sikuwa na nguvu hata ya kuogopa vizuri.

Daktari ni msichana mdogo, mwenye sauti ya chini. Niliomba Nakiru atoke nje. Alipotoka nikasema wazi. "Daktari, huyu mama ananitilia kitu kwenye chakula. Ana sababu." Niliposikia maneno yangu mwenyewe nililia.

Hakunicheka. Aliuliza nini kilikuwa kwenye supu, akaandika. Kisha akauliza ni dawa gani nimemeza.

"Za kawaida tu."

"Za kawaida ndizo zipi?"

Nikamwambia. Nyeupe za kichwa. Za rangi mbili za mafua. Za samawati za mgongo. Na ule unga wa kijana wangu. Akauliza kila moja mara ngapi kwa siku. Nilipoanza kueleza kuhusu soksi na kiatu na koti aliacha kuandika. Akaenda mlangoni akamwita Nakiru mwenyewe. Akamuuliza kama anajua chochote kuhusu dawa za mzee.

Nakiru alifungua pindo la leso yake, pale wanawake wanapofungia vitu vidogo. Akamwaga kitandani.

Zilikuwa zote. Tembe zangu za droo. Kapsuli za Biblia. Nusu ya zile za kiatu. Hata za koti, na kipande cha uzi wangu kikining'inia. Pia maboksi matupu na vijipakiti vilivyochanwa, vitu nilivyotupa, alivyokuwa ameviokota jalalani na kuvikunja.

Daktari akaanza kusoma maandishi madogo, yale ninayoshindwa kusoma bila kulazimisha macho. Alisoma boksi la mafua. Akasoma kijipakiti cha limau. Akasoma karatasi ya samawati. Kila mara alifika mahali akaweka ukucha na kusema neno moja. Parasetamoli. Kwenye vile vipande vya Mama Halima hakukuwa na jina, lilibaki upande mwingine wa makasi, lakini alizigeuza tembe akaona alama yake. Nazo ni hizo hizo.

"Wewe ni fundi cherehani?" akaniuliza. Ameona futi shingoni, sikuwa nimeivua. "Basi sikiza. Hizi si dawa nne. Ni mtu mmoja amevaa nguo nne. Kila alipobisha ulimfungulia mlango, ukidhani ni mgeni mwingine."

Ini ndilo linalosafisha dawa hii. Kidogo linaweza. Ikija nyingi, siku baada ya siku, kwa mtu asiyekula, linachoka, linaanza kuharibika. Ndiyo maana kutapika, na kidole gumba chini ya mbavu, na mkojo, na macho. Kile nilichokiita ugonjwa kililetwa na dawa, nami nilizidi kukiongezea dawa.

Nikauliza supu. Akasema mizizi niiache kwanza, kwa sababu hajui ina nini na ini langu halihitaji kazi nyingine. "Lakini kilichokuleta hapa kiko kwa hii leso."

Walinitoa damu. Wakanitundikia maji yenye dawa ya kuliokoa ini. Akasema nimekuja kwa kuchelewa lakini si kwa kuchelewa sana. Siku zijazo zitatuonyesha. Akaniambia wazi kwamba kuna wanaokuja wakiwa wamepita hapa, na hao hawarudi nyumbani.

Akatoka. Tukabaki wawili, mimi na Nakiru.

Nilimuuliza kwa nini alizichukua.

Alitazama dirisha. "Nilikuwa naona dawa kila mahali, shemeji. Kwa Biblia, kwa kiatu. Nikiondoa, unaficha zingine. Huli, humwongeleshi mtu, rinda la dada unalitazama tu." Akakunja upya pindo la leso. "Nilidhani unamfuata."

Ndiyo maana ya kiti. Ndiyo maana ya kukohoa nje ya choo.

Hakuja kulipa kisasi. Siku ya pili baada ya matanga kwisha, mama yao alimwambia, nenda ukamwangalie yule mtu, amezika mke na hana wa kumtungia uzi. Mama mkwe wangu alikuwa akijua habari ya uzi. Akai alimwambia.

Alhamisi, 19 Septemba

Majibu ya damu yanashuka. Daktari amefurahi, anaficha. Nimekula uji bakuli zima.

Mama Halima amekuja na buibui lake jeusi na chupa ya chai ya maziwa ya ngamia. Alikaa ukingoni mwa kitanda, macho yamevimba. Amesikia. "Kumbe ni mimi, Fundi? Ni hizi mbilimbili zangu?" Nimemwambia si yeye. Si mzee wa kanisa, si Daudi, si kijana wa duka la dawa. Kila mmoja alinipa kidogo kwa huruma. Mimi ndiye pekee niliyezijua zote, na sikujumlisha, kwa sababu rangi zilikuwa tofauti. Amesema sasa akiuza tembe atakuwa anauliza mtu, na nyumbani unameza nini kingine? Akasema pia, "Na paka wangu umemharibu. Hataki tena mabaki yangu, anataka supu."

Hapo Nakiru akaniangalia. Paka? Supu?

Ikabidi niseme. Nimemwambia yote. Chai niliyomwaga kwenye mwarobaini. Paka. Kinoti. Nilivyomwambia daktari. Nilisema nikitazama shuka.

Nakiru akacheka, kicheko cha kupiga magoti kwa viganja, na mgonjwa wa kitanda cha pili akaamka. "Shemeji! Ningetaka kukuua ningekuacha ujipikie!"

Mama Halima akacheka mpaka akashikilia kitanda. Mimi pia. Iliniuma pale chini ya mbavu, na sikujali.

Walipotulia, Nakiru akauliza swali ambalo nadhani alikuja nalo kutoka Ngaremara. Aliuliza taratibu. "Kweli dada alisema azikwe mjini?"

Nikamwambia alivyosema. Kwamba nikienda baraza asubuhi napita pale makaburini, kwa hiyo nisihangaike kutafuta nafasi ya kumtembelea. Nipite tu. Na kwamba nikipita nisisimame sana, wateja watakwenda kwa fundi mwingine.

Nakiru akafuta macho. "Huyo ni yeye. Hiyo ya wateja, huwezi kuitunga wewe."

Jumatatu, 23 Septemba

Nimeruhusiwa kwenda nyumbani. Daktari amerudia maneno yake na kunifanya niyarudie mimi, kama mtoto wa darasa la kwanza. Soma jina dogo, si jina kubwa la mbele. Ukiona parasetamoli kwenye mbili, chagua moja. Mtu mzima mwenye afya humeza tembe moja au mbili, kisha hungoja angalau muda wa saa nne, na kwa siku nzima, mchana na usiku, hazizidi nane. Mtu mwembamba, asiyekula, mwenye ini bovu au mnywaji wa pombe, hata hizo ni nyingi kwake, aulize kwanza. Maumivu yakizidi siku tatu usiongeze dawa, tafuta sababu. Ukigundua umezidisha, njoo siku hiyo hiyo hata kama hujisikii vibaya, maana ini halipigi kelele mapema.

Mimi mwenyewe nisiiguse kabisa mpaka wanipime tena na aseme ndiyo.

Nikauliza, na kichwa? Akanipeleka chumba cha macho, mlango wa tatu. Wakanivalisha fremu nzito, wakabadilisha vioo mpaka herufi zikasimama. Miaka hii yote ya sindano, na sikujua kwamba uzi una vinyweleo.

Jumatano, 25 Septemba

Nimerudi baraza kwa nusu siku. Kinoti hakuweza kunitazama. Alimwomba Nakiru viatu vyake, akavibadilisha soli, akavipaka rangi, akamrudishia. Nakiru akavigeuza akavikagua. "Hujatia kitu ndani?" Kinoti akaangusha nyundo.

Jumamosi, 28 Septemba

Nakiru anaondoka kesho baada ya kanisa. Anasema mbuzi wa mama yao hawalindwi na mtu mwingine.

Nimevaa miwani nikamaliza pindo la rinda la zambarau. Nimelipunguza kiunoni, kwa kuwa yeye ni mwembamba kuliko dada yake. Nilitunga uzi mwenyewe, mara ya kwanza tu. Bado niliuma ncha.

Alilijaribu, akasimama mlangoni kwenye mwanga. Akageuza mifuko nje, akakung'uta vipande vya uzi. Kuku wakaja mbio.

Kwenye rafu kuna karatasi moja nzima ya tembe ndani ya boksi lake, haijakatwa. Nakiru ndiye aliyeiweka hapo, ingoje siku daktari atakaponiruhusu. Kwenye droo kuna bobini tu.

Chakula cha jioni, supu. Hakutia mizizi, amefuata neno la daktari. Nimeinywa yote. Ilikuwa nzuri, nyepesi, yenye chumvi ya kutosha. Nikamwambia inakosa ule uchungu wake. Amesema nisizoee.

Upepo umetulia. Kichwa hakiumi.